Springi ya kwenye kompyuta ipimwe kwanza kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalohusu mafunzo ya ufundi mitambo katika vyuo vyetu, nalo ni uigaji wa springi kwa kutumia programu za kompyuta. Huenda wapo wasomaji watakaoona kuwa jambo hili ni dogo mno kuletwa gazetini. Hata hivyo, springi ndiyo inayobeba basi la abiria, lori la mizigo, bajaji na bodaboda katika barabara zetu, na kijana anayehitimu leo atatakiwa kesho kuamua ni springi ipi ifungwe kwenye chombo kipi. Akizoea kuikokotoa kwa kubahatisha, hasara itamfika abiria ambaye hakuwahi kukaa naye darasani.

Hoja yangu ni kwamba vyuo vyetu vifundishe uigaji huo, tena mapema na kwa programu zisizolipiwa, lakini modeli yoyote ya springi, yaani springi hiyo ilivyoigwa kwenye kompyuta, isikubaliwe kuwa kazi ya mwanafunzi kabla mwanafunzi huyo hajaipima springi yenyewe kwa mikono yake. Nasema hivi kwa sababu naona walimu wenzangu wakivutana pasipo sababu. Wapo wanaoamini kwamba kompyuta itatuondolea gharama za karakana, na wapo wanaoamini kwamba kompyuta ni anasa kwa chuo ambacho hata bisibisi hazitoshi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na springi, kwa kuwa ni kifaa chepesi kueleweka, inatosha kuonyesha kwa nini.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Robert Hooke, Mwingereza, aliitangaza mwaka 1676 akiwa ameificha ndani ya herufi zilizovurugwa ili asije mwingine akamtangulia, kisha akaifumbua mwaka 1678: kadiri springi inavyovutwa, ndivyo kani yake inavyoongezeka kwa uwiano uleule. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari hukutana nayo katika lile jaribio la kuning'iniza mawe ya mizani kwenye springi na kusoma rula iliyosimamishwa pembeni.

Programu za kuiga mifumo ya kimaumbile huichukua kanuni hiyo na kuigeuza kuwa kipande unachoweza kukihamisha kwa kipanya. Mfano ninaoufahamu ni lugha ya Modelica, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa Septemba 1997, nayo ilikua kutokana na mawazo ambayo Hilding Elmqvist aliyaandika katika tasnifu yake ya mwaka 1978 huko Lund, Sweden. Katika maktaba yake kuna springi, kuna shokapu, kuna tungamo, kuna ukuta usiosogea, na kila kimoja kina ncha za kuunganishia. Mwanafunzi huweka tungamo juu, springi chini yake, shokapu sambamba na springi, kisha huziunganisha ncha kwa mistari. Hatakiwi kuandika mlinganyo wa mfumo mzima. Kila penye kiungo, programu hushika mambo mawili: kwamba ncha zilizoungana ziko mahali pamoja, na kwamba kani zote zinazokutana hapo zikijumlishwa jibu ni sifuri. Kwa mambo hayo mawili pamoja na kanuni ya kila kipande, programu huunda milinganyo yote na kuitatua. Kijana aliyewahi kufungua springi na shokapu za gari huuelewa mchoro huo pasipo kuelezwa sana, kwa sababu umepangwa kama vitu vilivyokuwa mikononi mwake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kutaka ufundishwe.

Springi ya Modelica inadai namba mbili tu, yaani ugumu wake kwa nyutoni kwa mita, na urefu wake kabla haijabebeshwa kitu. Matatizo yanaanzia hapo, maana programu haina njia ya kujua kama namba iliyoandikwa imetoka kwenye chuma au imetoka kichwani mwa mtu.

Tuchukue springi ya koili ya gari dogo, yenye waya wa unene wa milimita 12, kipenyo cha wastani cha koili cha milimita 110, na mizunguko 7 inayofanya kazi, yaani ile inayobanwa mzigo unapowekwa. Chuma cha springi kina ukinzani wa kusokotwa unaokaribia nyutoni 79,000 kwa milimita ya mraba. Ukiziweka namba hizo katika kanuni ya springi za koili, unapata ugumu wa karibu nyutoni 22 kwa kila milimita inayobanwa. Sasa mwanafunzi aupime waya huo kwa rula, kwa haraka, aandike milimita 11 badala ya 12. Ugumu unashuka hadi nyutoni 15.5. Milimita moja imeondoa karibu asilimia 30 ya uwezo wa springi, kwa kuwa katika kanuni hiyo unene wa waya unapandishwa hadi kipeo cha nne. Kwa springi kuukuu, ambayo ndiyo mwanafunzi wetu anayoipata, waya una tabaka za rangi, matope yaliyokauka na kutu. Lazima usuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha upimwe kwa venia, kipimio kinachosoma hata sehemu za milimita, mahali kadhaa, kwa sababu waya uliolika hauna unene mmoja. Kazi hiyo haifanyiki kwenye kioo cha kompyuta, na asiyeifanya atapata grafu safi ya springi ambayo haipo duniani.

Baada ya kukokotoa, springi hiyo ipimwe pia kwa mzigo. Chuo kisicho na mashine ya kugandamiza hakizuiwi na chochote, kwani fremu ya mabomba iliyochomelewa na wanafunzi wenyewe, yenye sahani inayoteleza wima bila kuyumba, inatosha, na mzigo ni mifuko ya saruji ya kilo 50. Mifuko miwili ikiwekwa juu ya springi niliyoitaja, sahani inapaswa kushuka takriban milimita 45, na mifuko minne inapaswa kuishusha takriban milimita 89, uzito wa sahani yenyewe ukiwa umeondolewa kwa kuanza kusoma baada ya kuiweka. Vipimo vikitofautiana sana na hesabu, mwanafunzi ana swali halisi la kujibu. Pengine amehesabu mizunguko ya mwisho ambayo haifanyi kazi, au fremu inasugua, au springi si ya chuma alichodhani. Nimeona vijana wakibishana kwa saa nzima kuhusu mizunguko ya mwisho ya koili, wengine wakiwa wamepiga magoti chini wakitazama inapogusana na sahani, na sijui somo la nadharia linaloweza kuwafikisha hapo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita, nalo ni namna kompyuta inavyopiga hesabu yenyewe. Napendelea sana mwanafunzi aanze na jedwali la Excel kabla ya kukabidhiwa programu kamili. Aweke kilo 300, yaani robo ya gari dogo, juu ya springi ileile ya nyutoni 22,000 kwa mita, aondoe shokapu, alishushe gari sentimita 5 kutoka pale linapotulia, kisha aliachie. Kwa nadharia litapanda na kushuka mara 1.36 kwa sekunde, sentimita 5 juu na sentimita 5 chini, bila kukoma. Atumie njia nyepesi kuliko zote, ile inayoitwa kwa jina la Leonhard Euler, akipiga hatua za sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika kila mstari, mahali papya panatokana na kasi ya mstari uliopita, na kasi mpya inatokana na mahali pa mstari uliopita. Baada ya sekunde 10 za mwigo, gari linapaa na kuzama zaidi ya mita 1.9 kila upande, ingawa hakuna aliyelisukuma.

Sababu yake ni ya kihesabu tupu. Kwa njia hiyo nishati huongezeka kwa asilimia 0.73 katika kila hatua, na baada ya hatua 1,000 imefika karibu mara 1,490 ya ilivyokuwa mwanzo. Ukipunguza hatua hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde, zile sentimita 5 bado zinafika takriban 7.2 kwa muda uleule, kwa hiyo kosa limepungua lakini lipo. Sasa mwambie mwanafunzi abadilishe jambo moja tu: akokotoe kasi kwanza, kisha atumie kasi hiyo mpya, wala si ya zamani, kupata mahali papya. Hatua ibaki ileile ya sehemu moja ya mia. Mtikisiko unatulia karibu na sentimita 5 na kubaki hapo hata ukiendeleza jedwali kwa saa nzima ya mwigo. Kilichobadilika ni rejeleo la seli moja. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake hataamini tena grafu kwa sababu tu imetoka kwenye mashine, naye atauliza ilipatikana kwa njia gani na kwa hatua ya ukubwa gani.

OpenModelica, programu huria ya kuendeshea modeli zilizoandikwa kwa Modelica, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Linköping huko Sweden, hutumia kwa kawaida njia iitwayo DASSL, ambayo Linda Petzold aliieleza mwaka 1982. Njia hiyo hupunguza na kuongeza hatua yenyewe kulingana na kiasi cha kosa kinachoruhusiwa, na kwa hiyo mtumiaji hakutani na tatizo nililolieleza. Hilo ni jema kwa mhandisi aliye kazini. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuliona tatizo lenyewe, ni kufunikwa macho, na ndiyo maana nasisitiza apitie kwanza kwenye jedwali.

Naomba niendelee kidogo na springi ya maabara ya sekondari, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na shule nyingi. Tuseme ugumu wake ni nyutoni 25 kwa mita na springi yenyewe ina uzito wa gramu 60. Ning'iniza gramu 200, ivute kidogo, uiachie, uhesabu mitikisiko 20 kwa saa ya simu. Springi ya kwenye programu itasema sekunde 11.24. Springi ya mkononi itatoa sekunde zipatazo 11.8. Tofauti hiyo ya zaidi ya nusu sekunde inaonekana hata kwa mtu mwenye kidole kizito, na haitokani na uzembe wa kupima. Springi halisi ina uzito wake na sehemu zake zinatembea pamoja na mzigo, hivyo katika hesabu yapasa kuongeza theluthi moja ya uzito wa springi, yaani gramu 20, juu ya zile gramu 200. Springi ya programu haina uzito wowote. Hii pia ndiyo sababu wanafunzi wakichora grafu ya mraba wa muda wa mtikisiko mmoja dhidi ya mzigo, mstari wao haupiti kwenye sifuri. Walimu wengine huwaambia waulazimishe upite. Nawasihi waache, kwa maana pale mstari unapokata mhimili ndipo penye habari ya uzito wa springi.

Programu haishindwi kuliiga hilo, ilimradi mtumiaji ajue kuiomba. Springi hiyo igawanywe katika vipande 10 vilivyofuatana, kila kipande kikipewa ugumu wa nyutoni 250 kwa mita na gramu 6 za uzito, na jibu linasogea hadi karibu kabisa na lile la saa ya simu. Mwanafunzi atashangaa kwa nini kila kipande ni kigumu mara 10 kuliko springi nzima, na mshangao huo unampeleka moja kwa moja gereji.

Kwa kuwa gereji ndiko springi hukatwa. Mwenye gari anataka gari lake lishuke, fundi anakata mzunguko mmoja wa koili, gari linashuka, na wote wawili wanadhani springi imelegea. Springi yetu ya mizunguko 7 ikibaki na 6, ugumu wake unapanda kutoka nyutoni 22 hadi takriban 25.6 kwa milimita, huku nafasi ya kubanwa ikipungua. Anayepachika mpira katikati ya koili ili gari linyanyuke naye anafunga sehemu ya mzunguko usifanye kazi, na kuifanya springi iwe ngumu kuliko alivyokusudia. Siwalaumu mafundi hao, ambao wengi wao wana mikono yenye ujuzi kuliko wahitimu wetu, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha hesabu hii kwa namna inayoonekana. Mwigo wa dakika chache, ukifanywa mbele yao na springi yao wenyewe ikiwa imepimwa mezani, ungewafaa kuliko semina ndefu.

Kuna pia mambo ambayo ni hatari kuyajaribu kwa mkono, na hapo kompyuta haina mbadala. Springi hiyohiyo ikibanwa sentimita 15 inahifadhi takriban jouli 247, ambazo zinalingana na kiroba cha unga cha kilo 25 kinachoanguka kutoka urefu wa mita moja. Ikichomoka kwenye kibanio inatoa nishati yote hiyo kwa kufumba na kufumbua. Kuiga shimo la barabarani, shokapu iliyovuja mafuta au mzigo uliozidi ni salama na rahisi kwenye programu, na mwanafunzi anaweza kubadilisha kitu kimoja kimoja na kuona matokeo yake, jambo ambalo haliwezekani kwa gari la watu.

Lakini hata hapo programu hufuata ilichoambiwa tu. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, niliwahi kuketi kwenye meza ya kutathmini miradi ya wahitimu, na mradi mmoja ulikuwa na grafu nzuri sana ya springi ya gari likipita kwenye shimo. Grafu ilionyesha springi ikibanwa sentimita 38. Nilipouliza urefu wa springi kabla ya kubebeshwa gari, jibu lilikuwa sentimita 34. Hakuna aliyekuwa ameona tatizo, si wanafunzi wala msimamizi wao, na mradi ulikuwa umekwisha kupewa alama za awali zilizo nzuri. Springi ya waya wa milimita 12 yenye mizunguko 8 na nusu kwa jumla, ukihesabu ile ya mwisho isiyofanya kazi, ikifikia urefu wa sentimita 10.2 koili zinagusana na inakuwa gogo la chuma. Kipande cha springi katika programu hakijui hilo, na kitaendelea kubanwa hadi urefu wake upungue chini ya sifuri. Maktaba ya Modelica ina kipande cha kuiga mgusano wa namna hiyo, kiitwacho ElastoGap, ambacho hakitoi kani hadi pengo lifungwe. Wanafunzi wale hawakukosa akili ya kukitumia. Walikosa kuishika springi, kwa sababu aliyewahi kuona koili zikigusana chini ya mzigo hasahau kuwa jambo hilo lipo.

Vivyo hivyo springi za mabamba zilizo chini ya malori na mabasi zina msuguano kati ya bamba na bamba, hata kani wakati wa kupakia hailingani na kani wakati wa kupakua, na mstari mnyoofu wa Hooke haukueleza hilo. Ufa ulioanza kwenye bamba nao hautaonekana katika modeli yoyote ya aina hii. Unaonekana kwa tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kuhusu gharama, modeli za ukubwa huu zinaendeshwa na kompyuta ya kawaida ya ofisini, hata iliyotumika, na OpenModelica hupakuliwa bure kisheria. Chuo chenye kompyuta chache kinaweza kuwaweka wanafunzi watatu watatu kwa mashine moja, wakati wengine wako kwenye fremu na mifuko ya saruji, kisha wabadilishane. Sioni sababu ya vyuo kuendelea kufundishia nakala za wizi za programu za bei kubwa, ambazo mhitimu hataweza kuzitumia kihalali siku atakapofungua gereji yake.

Ninachowaomba wanaotunga mitaala na wanaosimamia mitihani ya vyuo vya ufundi ni mabadiliko madogo katika namna ya kusahihisha miradi. Kila grafu ya mwigo wa springi iambatane na jedwali la vipimo vya springi hiyohiyo: unene wa waya kwa venia, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, urefu kabla ya mzigo, urefu koili zinapogusana, na usomaji wa mizigo isiyopungua minne wakati wa kupakia na wakati wa kupakua. Mstari wa modeli na nukta za vipimo vichorwe kwenye karatasi moja, na mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kwa nini vinapishana pale vinapopishana. Alama nyingi ziwe kwenye maelezo hayo. Chuo kisichoweza kutimiza hayo kwa springi ya gari kianze na ile springi ya maabara ya gramu 60, ambayo shule nyingi tayari zinayo kabatini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa ufundi mitambo,
Morogoro.